Vikombe Ukutani kwa Kukhu

Nilisomea kusaidia watu. Usicheke. Miaka mitatu nilikaa darasani nikifundishwa namna ya kuketi mbele ya mtu mwenye shida, namna ya kuinamisha kichwa kidogo ili aone ninasikiliza, hata namna ya kunyamaza. Nikapewa diploma, mama yangu akaitia kwenye fremu, na mpaka leo ipo ukutani kwake huko magharibi, kando ya kalenda ya kanisa. Kazi nilipata kwenye shirika moja linalohudumia Kibera. Nyumba nilipanga Kawangware, upande unaoitwa Kongo, chumba kimoja juu ya kinyozi, na kila asubuhi nilifika Silanga, humo Kibera, na begi la fomu mgongoni nikijiona mtu.

Shirika letu lilikuwa na ugonjwa wa kuokoka upya. Kila wafadhili walipopata neno jipya huko kwao, sisi huku tulibatizwa kwa hilo neno. Nilipoajiriwa tulikuwa watu wa uwezeshaji. Uwezeshaji ukapita, tukawa watu wa ustahimilivu, mabango yakachapishwa upya, na yale ya zamani akina mama wa Silanga wakayachukua wakazibia paa zinazovuja. Hapo ndipo uwezeshaji ulipomsaidia mtu. Halafu, ghafla bin vuu, likaja la maarifa asilia. Watu wale wale waliokuwa wakituambia tusitaje mambo ya mila kwenye ripoti, ati yanasomeka vibaya, wakaanza kuja kazini wamevaa vitenge siku ya Ijumaa, na kila sentensi ikawa na mababu zetu ndani yake.

Wakatuletea mshauri. Mwanamume mnene, shanga mpaka viwiko, usinga mkononi saa zote, hata akila. Alizaliwa na kulelewa kwenye mitaa yenye miti na mbwa getini, na mwenyewe alituambia kwamba hajawahi kulala ushago, yaani kijijini, wiki nzima. Mababu alikutana nao ng'ambo, kwenye maktaba. Alitupeleka hotelini siku tatu kutufundisha Uafrika wetu. Viti viliondolewa, tukaletewa vigoda, na mkurugenzi wetu, mama wa watu mwenye goti bovu, ilibidi ainuliwe na watu wawili kila alipotaka kwenda msalani. Uji tulipewa katika vibuyu. Changu kilikuwa bado na karatasi ya bei chini, sikupata taabu kuisoma kila nilipoinua kunywa.

"Jamii ndiyo inajua," mshauri alisema huku akipunga usinga. "Kabla hujauliza, sikiliza. Mwafrika anaongea hata akinyamaza."

Tukapiga makofi. Mimi niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mistari miwili, daftari ninalo bado. Ningependa kusema niliyaandika kwa dharau, lakini huo ungekuwa uongo. Niliyaandika kama mwanafunzi mwema, kisha nikaenda Silanga nikafanya niliyoyafanya.

Huko Silanga, kwenye njia inayoshuka bwawani, alikuwepo mama mzee aliyeuza mboga za kienyeji: mrenda, managu, kunde, saga. Mboga nyingine alizilima mwenyewe kwenye kijishamba kando ya maji. Sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu. Hakuwa nyanya yangu wa damu, ila tulitoka upande mmoja, na siku ya kwanza aliposikia nikimsalimia kwa lugha ya nyumbani aliweka chini kisu chake akanitazama kwa furaha ya wazi kabisa. Tangu siku hiyo aliniita *mwana wefwe*, mtoto wa kwetu. Hakuna aliyeniita hivyo Nairobi nzima.

Nitasema wazi: kazi yangu yote alikuwa akiifanya yeye, bila begi. Kwa mfano, alikuwa na mambo ya chumvi. Asubuhi aliangalia majiko ya ploti, vile vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja. Jiko la mtu likikawia kuwashwa, Kukhu alimtuma mtoto kwa huyo mtu akaombe chumvi. Chumvi alikuwa nayo, tele. Mtoto alirudi na chumvi na habari: mama fulani amelala hajaamka, baba fulani amevunja meza, kwa fulani hakuna chumvi hata kidogo. Basi Kukhu alijua. Saa mbili baadaye ungeona mwanamke mmoja anapeleka unga huko, mwingine anapeleka maji, na hakuna aliyeaibishwa, kwa sababu mwenye shida ndiye aliyeombwa. Mimi mambo hayo niliyaandika kwenye ripoti za kila mwezi chini ya kichwa "Ziara za nyumbani", na nikasifiwa.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati na udongo. Kwenye ukuta wa kushoto ukiingia palikuwa na ubao mrefu, na kwenye ubao misumari, na kwenye misumari vikombe vya bati. Kila mtoto wa nyumba ile alikuwa na kikombe chake na msumari wake. Jioni walikunywa uji, kila mmoja akaosha kikombe chake, akakitundika. Kikombe kikiwa ukutani, mwenyewe yuko ndani. Kikiwa bado mezani, mwenyewe hajarudi, na Kukhu hakuufunga mlango mpaka kitundikwe. Hakuuliza nani yuko wapi. Alitupa jicho ukutani mara moja tu.

Wengi walikuwa wajukuu, watoto wa mabinti zake wawili waliofariki. Mmoja hakuwa damu yake. Huyo alikuwa msichana wa miaka sita hivi, mtoto wa jirani, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa akifulia watu nguo. Mamake alipougua, Kukhu ndiye aliyemwogesha mpaka mwisho. Baada ya mazishi huko nyumbani kwao, mjomba wa mtoto alirudi Nairobi, akaketi kwa Kukhu, akala ugali, akanawa mikono, akasema mtoto abaki hapo alipozoea. Kukhu akasema sawa. Majirani wawili walikuwepo. Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yao, na kwa watu wote wa ploti ile ilitosha. Siku ile ile Kukhu alipigilia msumari mwingine, akatundika kikombe cha bluu kilichobanduka rangi mdomoni.

Mwisho wa ubao palikuwa na kikombe cha kijani. Hicho kilikuwa changu. Alikinunua yeye mwenyewe, pale soko la Toi, siku aliyochoka kunipa chai kwenye glasi ya wageni. "We si mgeni," alisema. Niliona haya kulia mbele yake, nikasingizia moshi.

Sasa, kuna jambo moja ambalo mtu wa kwetu analijua kabla hajajua kufunga vifungo: watoto hawahesabiwi. Unaweza kuwataja, unaweza kuwaita wote kwa majina toka wa kwanza hadi kitinda mimba, lakini kunyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, hilo hufanyi. Ukihesabu unaita macho. Unaambia kitu fulani huko nje kwamba hawa wapo, ni hivi, mmoja akitoka watabaki hivi. Nilipokuwa msichana mdogo, kwenye matanga ya babu, niliwahesabu binamu zangu waliokuwa wamekaa kwenye mkeka ili nijue mandazi yatatosha. Nyanya yangu alinipiga kofi la mkononi mpaka sahani ikaanguka. "Hao ni mahindi?" aliniuliza. Baada ya hapo nilihesabu sahani. Hicho ndicho watu hufanya, wanahesabu sahani, au vikombe, na kila mtu anaelewa.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo likae wazi kabla sijaendelea, kwa sababu wenzangu ofisini wana kisingizio na mimi sina.

Mradi wa maarifa asilia ulianza kwa fomu. Utaanzaje vinginevyo? Ilikuwa ndani ya tableti, maswali arobaini, na juu yake picha ya kibuyu. Swali la kumi na nne lilisema: *Mlezi ataje idadi ya watoto anaowalea.* Mshauri mwenyewe ndiye aliyeipitisha fomu hiyo, na shanga zake zote.

Nilienda kwa Kukhu nikiwa na msimamizi wangu, dada mmoja wa rika langu aliyezaliwa kwenye estate za jijini, mtu mwenye haraka na manukato. Kukhu alikuwa mlangoni anachambua mrenda. Majibu ya kwanza yalienda vizuri. Nikafika la kumi na nne.

"Kukhu, hapa kwako watoto ni wangapi?"

"Wako," alisema.

"Wako wangapi?"

"Si unawajua? Umekunywa uji na wao."

"Mwambie atupe tu namba," msimamizi alisema, akiangalia simu yake. "Hiyo kitu haisongi bila namba."

Kukhu aliacha mrenda akaniangalia mimi, si yeye. Alikuwa akiningoja. Alidhani nitageuka nimwambie yule dada kwamba kwetu hatufanyi hivyo, angalia ukutani, vikombe ndivyo hivyo. Maneno kumi, labda kumi na mawili. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Mungu ndiye anajua watoto wake," Kukhu alisema mwishowe, kunisaidia.

Msimamizi akacheka. "Woi! Ati Mungu! Huyu mathee hata hajui ako na watoto wangapi."

Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Kidogo, kwa pua, ili yule dada asinione mshamba, asidhani mimi ni wa hao wanaoogopa kuhesabu. Chini ya swali palikuwa na kisanduku cha namba, na chini ya kisanduku palikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa *Hajui*. Nikakibonyeza, fomu ikasonga. Tukaenda swali la kumi na tano, ambalo liliuliza kama mlezi anathamini mila za Kiafrika katika malezi.

Wiki mbili baadaye, kwenye kikao cha Jumatatu, jina la Kukhu lilikuwa kwenye orodha nyekundu. Mtambo wa kompyuta ulikuwa umejumlisha: mlezi mzee, chumba kimoja, mtoto asiye na uhusiano wa damu wala karatasi, na juu ya yote, mlezi hajui idadi ya watoto walio chini yake. Jumla ikawa *hatari kubwa*. Mkurugenzi alisoma akatikisa kichwa kwa huzuni, kile kichwa cha kuinamisha kidogo tulichofundishwa. Karatasi zilizohitajika zilipatikana upesi ajabu kwa watu ambao huchukua mwezi kuidhinisha sabuni. Msichana yule angepelekwa kwenye makao ya watoto tunayoshirikiana nayo, nje ya jiji.

"Utaenda na watu wa makao," mkurugenzi aliniambia. "Mtoto anakujua. Hatapiga kelele."

Nilisema kwamba kuna makosa kwenye fomu. Aliuliza nani aliijaza. Nikanyamaza, na kunyamaza nilikusomea.

Tulifika asubuhi, msichana akiwa mezani na uji mbele yake. Nilimweleza Kukhu kwa maneno ya kazini: ni kwa muda, ni taratibu, ni kwa maslahi ya mtoto. Alisema kitu kimoja tu.

"Ngoja basi amalize uji."

Gari lilikuwa limeachwa juu barabarani, dereva anapiga honi. Hatukungoja. Nilimshika mtoto mkono, naye akaja kwa hiari kabisa, anarukaruka, akidhani nampeleka dukani kama siku nyingine. Alipanda gari vizuri. Alianza kuuliza baada ya kupita Kawangware, na makao yalikuwa mbali. Kelele ambazo mkurugenzi alisema hatazipiga, alizipiga zote.

Kikombe cha bluu kilibaki mezani. Nilikiona niliporudi siku ya tatu, nikijidanganya kwamba nimeenda kumfariji Kukhu. Uji ulikuwa umemwagwa, kikombe kimeoshwa, lakini hakikutundikwa. Kilikaa pale pale mezani, na watoto wengine walikula wakikizunguka. Mama wa makaa, jirani wa mlango wa pili, aliniambia nje kwa sauti ya chini kwamba tangu siku ile Kukhu hafungi mlango mpaka usingizi umwangushe kitini. Anangoja kikombe. "Mzee mzima," alisema, "na hiyo baridi ya bwawa. Nyinyi watu hamna haya?" Nilisema tutashughulikia.

Nikaenda kwa mkurugenzi, na safari hii nikasema yote. Nikamwambia nani aliijaza fomu, nikamwambia kuhusu kuhesabu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema inavutia sana, niandike kurasa mbili kuhusu hiyo imani kwa ajili ya mshauri. Kuhusu mtoto, ripoti haifutwi. Ila mlezi akiitaja idadi mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wafanyakazi wawili, swali la kumi na nne litajazwa upya na kesi itarudi mezani. Na iwe kabla ya mwisho wa mwezi, maana makao yale yamejaa, watoto wengine watahamishiwa mji mwingine, na ukishahama ni hadithi nyingine.

Zilibaki siku tisa.

Hapo sasa ndipo shirika letu lilipoonyesha rangi zake. Mshauri alikuwa akiandaa siku kubwa ya kuuzindua mradi rasmi kabla mwezi haujaisha, kwenye ukumbi wa kanisa kule Kambi Muru, humo humo Kibera. Wafadhili wangekuja. Alitaka mama mzee wa kuketi mbele kwenye Kiti cha Hekima na kusema machache juu ya malezi ya Kiafrika. Alikuwa amepitia ripoti zangu, akaona habari za chumvi, akaona na picha. "Huyu!" alisema akigonga karatasi kwa usinga. "Uso huu! Huyu ndiye!" Uso huo ulikuwa wa Kukhu. Hakuna aliyelinganisha majina. Kwenye faili moja alikuwa hazina ya jamii, kwenye faili la pili alikuwa hatari kwa mtoto, na mafaili yote mawili yalikuwa kwenye kabati moja na niliyaandika mimi.

Nilimpelekea Kukhu habari zote mbili jioni hiyo. Nilimwambia kuhusu kiti, na nikamwambia kuhusu namba. Alikuwa anakoroga uji. Vikombe vilikuwa vimepangwa mezani, cha bluu kimojawapo. Changu cha kijani kilikuwa kwenye msumari wake, na hakukishusha.

"Umezaliwa wapi wewe?" aliniuliza, kama mtu asiyejua.

"Kwetu, Kukhu. Unapajua."

"Kwa hivyo unajua unaniuliza nini."

"Najua."

Alikoroga muda mrefu. Watoto walikuwa wamekaa kitandani, na nilimwona akiwatazama mmoja mmoja, jicho likihama upesi, halafu akaligeuzia kwenye sufuria kwa nguvu. Aliogopa. Sijawahi kumwona akiogopa kitu, wala chifu, wala mafuriko, wala vijana wa njiani. Na aliyemtia woga huo ni mimi mwenye diploma.

"Nikisema, analetwa?"

"Analetwa."

"Apa."

Nikaapa. Sikuwa na uhakika hata kidogo, lakini niliapa.

Siku ya Kambi Muru ukumbi ulijaa. Wafadhili walivishwa mashuka, wakapewa vibuyu. Mkurugenzi alihutubia. Mshauri alihutubia, akawavisha akina mama wa Silanga kilemba cha ukoka mpaka wakaanza kutazamana. Kukhu alikuwa mbele, kwenye kigoda, kwa gauni lake la chama cha akina mama wa kanisa, wala hakukubali shanga alizoletewa. Wajukuu zake walipangwa kwenye benchi la kwanza, wamevalishwa fulana mpya zenye picha ya kibuyu, kwa ajili ya picha.

"Sasa," mshauri alisema, "mama yetu atatufungulia hazina. Mama, tuambie, Mwafrika analeaje mtoto?"

Kukhu alisimama. Alichukua muda kusimama, kigoda ni kifupi. Hakuangalia wafadhili. Alinitafuta mpaka akaniona nimesimama ukutani na tableti, msimamizi wangu kando yangu, kama ilivyotakiwa, wafanyakazi wawili.

"Mnasema sijui watoto wangu," alisema. "Haya. Andikeni."

Akaenda kwenye benchi. Akaweka mkono kichwani kwa yule mkubwa, akasema, "Mmoja."

Nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja akasema, "Mayi!" kama anayemlilia mama yake. Nilisikia wengine wakivuta pumzi. Akina mama wa kwetu, na wale wa upande wa ziwa vilevile, walikuwa wameweka mikono midomoni. Mmoja alimgeuza mtoto wake uso ukutani.

"Wawili," Kukhu alisema, mkono kichwani kwa wa pili. Sauti ilikuwa kavu. "Watatu." Yule mdogo wa mwisho alijaribu kujificha chini ya benchi, kwa sababu alishafundishwa, naye Kukhu akainama akamgusa huko huko. "Wanne."

Kisha akasogea hatua moja, akaweka mkono pale ambapo benchi lilikuwa tupu.

"Na huyu wa tano, mlimtoa kwa uji wake. Ni watano. Nimewahesabu mbele yenu wote. Sasa mrudisheni."

Halafu wafadhili wakaanza kupiga makofi. Mshauri alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, machozi yanamlengalenga, akichukua kipaza sauti. "Mnaona?" alisema. "Mnaona? Nyanya zetu walifundisha hesabu kwa kugusa! Hayo ndiyo maarifa!" Akampungia Kukhu usinga juu ya kichwa kama kumbariki. Natamani siku hiyo ningemnyang'anya ule usinga nimchape nao mbele ya wageni wake. Sikufanya hivyo. Nilikuwa na kazi. Nilifungua swali la kumi na nne, nikafuta *Hajui*, nikaandika tano, na msimamizi akaweka saini yake kwa kidole.

Akina mama wa Silanga hawakupiga makofi. Walimwondoa Kukhu pale mbele, wakamzunguka yeye na wale watoto, wakatoka nao kwa mlango wa nyuma kabla chakula hakijaletwa.

Nitawapa haki yao: kiapo changu hakikuwa bure. Mmoja wa wafadhili aliuliza ni mtoto gani huyo aliyeachiwa nafasi tupu kwenye benchi, swali likamfikia mkurugenzi mbele ya watu, na kilichokuwa hakiwezekani siku zote hizo kikawezekana kwa siku mbili. Msichana alirudi Ijumaa. Nilimleta mwenyewe. Alikuwa amenyolewa nywele, na njia nzima hakuongea nami wala hakunishika mkono. Tulipofika kwenye kona ya mama wa makaa alianza kukimbia.

Nilipoingia alikuwa tayari mezani, uji mbele yake ndani ya kikombe cha bluu, Kukhu amesimama nyuma yake ameshikilia egemeo la kiti. Tulingoja mpaka uji ulipokwisha. Msichana akaosha kikombe, akapanda kwenye kigoda, akakitundika. Kukhu akatupa jicho ukutani mara moja tu, akashusha pumzi, akaenda akafunga mlango. Ilikuwa bado mchana.

Nami nilitupa jicho. Ubao ulikuwa pale, na misumari, na vikombe vya watoto. Mwisho wa ubao palikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa udongo mbichi, bado haujakauka. Nilitafuta kikombe cha kijani mezani, kisha rafuni, kisha chini, kana kwamba kinaweza kuwa kimeanguka.

Kukhu alinimiminia chai. Ilikuwa chai nzuri, yenye maziwa na tangawizi, kama siku zote. Aliileta kwenye glasi, kwenye sahani yake, na kitambaa chini ili nisiungue.

"Karibu chai, madam," alisema.